Tovuti Iko Hewani, Mteja Haioni



Mazungumzo ya leo yanamhusu yeyote aliyelipia tovuti ya biashara, akaambiwa iko hewani, akawatumia ndugu na jamaa anwani yake kwenye WhatsApp, wakampongeza kwa dole gumba, na tangu hapo simu haijaita. Wapo wenye nyumba za wageni Paje na Jambiani, wapo mafundi samani wa Keko, wapo wauza vipuri wa Kariakoo. Lakini mfano nitakaoushika zaidi ni wa kampuni za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, zile za Moshi na Arusha, kwa sababu hao hawana pa kukimbilia. Fundi wa Keko akipanga sofa nje, mpita njia ataziona. Mteja wa Moshi yuko Munich au Chicago. Hajakanyaga Tanzania, hana shemeji wa kumuuliza, na kabla hajakata tiketi ya ndege ameshachagua njia ya kupandia, idadi ya siku na kampuni. Yote hayo ameyafanya kwa simu, usiku, akiwa kitandani.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, anayetaka kuipinga apate muda. Sehemu kubwa ya kazi ya kuifanya tovuti ionekane haimhusu fundi aliyeijenga. Inamhusu mwenye biashara, na hasa yule mtu wa ofisini anayejibu simu na barua pepe kutwa. Fundi anajua kujenga kurasa. Hajui kwamba mgeni wa njia ya Machame huuliza habari za choo kabla ya kuuliza habari za kilele. Anayejua hilo ni dada wa mapokezi, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumshirikisha.

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa ufupi, maana humo ndimo uganga mwingi unamouzwa.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Injini za utafutaji zilikuwepo kabla yao. Walichokuja nacho wao ni wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine una haki ya kuwekwa mbele, na kwamba kutajwa na mwenye jina kuna uzito kuliko kutajwa na yeyote tu. Siku hizi vigezo ni vingi mno, lakini hatua zimebaki tatu. Kuna programu, wenyewe huiita roboti, inayozunguka mtandaoni ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Inachokisoma inakihifadhi ghalani. Mtu anapoandika swali, mtambo hauanzi kuizunguka dunia wakati ule. Unachambua ghala lake na kupanga majibu. Kwa hiyo kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. Tovuti yako imo ghalani? Na kama imo, imepangwa ya ngapi? Wengi wanahangaika na la pili, la kwanza hawajalijibu.

Kulijibu hakuchukui hata dakika. Fungua Google, andika neno site, yaani s-i-t-e, weka nukta mbili, halafu bila kuacha nafasi andika anwani ya tovuti yako. Zitakuja kurasa zako ambazo Google inazo. Pasipotokea kitu, basi mengine mengi nitakayosema jioni hii hayakuhusu bado.

Na sababu mara nyingi ni ya kuchekesha. Tovuti nyingi duniani, zaidi ya theluthi moja, zimejengwa kwa WordPress. Ndani yake, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kidogo cha kutia tiki kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, na ana haki, hataki kazi nusu ionekane. Siku ya kukabidhi anasahau kuitoa. Keki inakatwa, picha zinapigwa, na biashara inaendeshwa miezi ikiwa imejifungia shata yenyewe mchana kweupe.

Kipimo hichohicho kinaweza kukuonyesha mengine. Ukikuta kurasa za tovuti yako zimeandikwa Kijapani na zinatangaza mikoba na viatu, usidhani umepata soko Tokyo. Tovuti imevamiwa. Ni uvamizi unaojulikana sana, na mara nyingi mlango wake ni WordPress au plagini ambayo haijasasishwa tangu fundi alipopokea malipo ya mwisho. Ubaya wake ni kwamba wewe ukiifungua tovuti yako unaiona ileile ya siku zote, kwa kuwa kurasa za Kijapani zimewekwa kwa ajili ya roboti. Mwenye tovuti huwa mtu wa mwisho kujua.

Sasa tuseme umo ghalani, na uko salama. Tuutazame ukurasa wenyewe.

Tovuti za kampuni za safari zinafanana mno. Juu kabisa kuna picha kubwa zinazopishana: tembo na mlima nyuma yake, simba, machweo. Chini yake kuna sentensi inayomkaribisha mgeni kwenye safari asiyoweza kuisahau. Kisha nembo za taasisi. Kisha kitufe cha kuomba bei. Na kichwa cha ukurasa, yale maandishi makubwa anayoyaona mtafutaji kwenye orodha ya Google, kimeandikwa Home. Neno moja. Kampuni imelipa fedha zake ili iutangazie ulimwengu kwamba inaitwa Home.

Kichwa hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mteja anakisoma kuhusu wewe. Kiseme kilichomo: kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7, ratiba na bei. Kwa lugha ya mteja, bila shaka. Na kila njia iwe na ukurasa wake, kwa sababu kila njia ina mtu wake. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala. Kwingine kote ni mahema. Mgeni anayeogopa hema, au mwenye mgongo mbovu, anaitafuta Marangu peke yake, na atauliza kama vitanda vina magodoro. Rongai inapanda kutokea kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya, na inasifika kwa kupata mvua kidogo kuliko kusini. Mwenye likizo ya Aprili, katikati ya masika, ataiulizia hiyo. Lemosho inawavuta wenye siku nyingi na wasiopenda msongamano wa siku za mwanzo. Ukizirundika zote kwenye ukurasa mmoja wenye kichwa Huduma Zetu, hakuna swali hata moja kati ya hayo litakaloangukia kwako.

Halafu kuna ugonjwa wa bango. Tumezoea kutengeneza bango la kurusha kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram: dizaina anaweka picha, tarehe, bei na namba ya simu, vyote ndani ya picha moja, na bango hilohilo linabandikwa kwenye tovuti. Kwa jicho la mtu linapendeza. Roboti inakuta picha yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. Hata pale mitambo inapoweza kuambua maandishi yaliyo ndani ya picha, huwezi kuitegemea kama unavyotegemea maandishi ya kawaida. Asiyeona, ambaye simu yake humsomea kurasa kwa sauti, hapati kitu. Na mwenye macho hawezi kuigusa ile namba ikapiga. Inabidi aikariri au atafute kalamu. Bei iandike kwa maandishi. Namba iandike kwa maandishi. Picha nayo ipe maelezo mafupi ya kinachoonekana.

Hapo kwenye bei nina ugomvi wa siku nyingi na ndugu zangu wafanyabiashara, wa Dar es Salaam na wa Nairobi pia. Bei njoo DM. Bei njoo inboksi. Sababu wanazotoa nazielewa. Mshindani ataiona na kushusha kidogo. Tena mteja akija inboksi unaweza kumpima, ukajua umtajie ngapi, ingawa hili la pili hawalisemi kwa sauti. Lakini anayetafuta kwenye Google ameandika neno bei kwa mkono wake: bei ya sofa la L Dar es Salaam. Ukurasa wako hauna bei. Uletwe kwa lipi? Hata ukiletwa, kidole gumba kitamrudisha kwenye orodha, aende kwa aliyeitaja.

Kwa kampuni za mlima hofu hiyo ina mantiki ndogo zaidi, maana ada za hifadhi zinatangazwa hadharani na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na ni sehemu kubwa ya gharama. Mgeni aliyesoma kidogo anajua kwamba bei ya chini kupita kiasi inatoka kwenye posho ya mpagazi. Taja bei ya kuanzia, useme nini kimo na nini hakimo. Je, mwenzako atakuiga? Atakuiga. Kwani picha za tembo alizipata wapi?

Sasa nirudi kwa dada wa mapokezi, maana hapa ndipo penye utajiri wenyewe.

Mwambie afungue WhatsApp ya ofisi na barua pepe za miezi michache iliyopita, ayanakili maswali ya wageni jinsi walivyoyauliza, bila kuyasafisha. Usimwambie aandike makala. Maswali tu. Utashangaa. Choo kikoje kambini? Naweza kuchaji simu? Mke wangu hali nyama, atapikiwa nini? Nikiugua siku ya tatu, ninashuka na nani, na pesa yangu inarudi? Bakshishi ni kiasi gani, na anapewa nani, kiongozi au kila mtu kwa mkono wake? Siku 6 za Machame zinatosha au nichukue 7? Kila mojawapo ya hayo linaandikwa kwenye Google usiku huu na mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la kampuni yako.

Chukua swali moja tu, la maji. Mgeni anauliza: huko juu nitakunywa maji gani? Kampuni nyingi zitamjibu kwamba zinatoa maji safi na salama, nukta. Anayeujua mlima atamwambia kwamba kwenye njia ya Machame maji huchotwa kwenye vijito vya karibu na kambi, yakachemshwa au kutiwa dawa. Kwamba kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, haina maji kabisa, na yale anayoyanywa pale wapagazi wameyabeba kutoka bonde la Karanga, kwa hiyo ayatumie akilijua hilo. Kwamba usiku wa kuondoka kwenda kilele cha mita 5,895, inapokaribia saa sita, baridi huwa kali kiasi cha kugandisha maji kwenye mrija wa mkoba, basi chupa moja aiweke ndani ya koti, kifuani. Jibu hilo halikutoka kwa fundi wa tovuti wala halikunakiliwa kwa jirani. Limetoka kwa mpagazi, likapita kwa mpishi na kiongozi, likafika ofisini, na hapo ndipo huwa linakomea.

Google wenyewe wana mwongozo wanaowapa watu waliowaajiri kukagua ubora wa majibu ya mtambo wao. Desemba 2022 waliongeza ndani yake kigezo cha uzoefu, kikakaa pamoja na utaalamu, mamlaka na uaminifu: huyu aliyeandika, amewahi kukifanya anachokisimulia? Wakaguzi hao hawaishushi wala kuipandisha tovuti yako moja kwa moja, lakini mwongozo unakuonyesha mtambo unasukumwa kuelekea wapi. Unaelekea kwa yule anayejua kwamba Barafu hakuna maji.

Na hapohapo kimekuja kishawishi kipya. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kijana mmoja mwenye bando la wiki anaweza kukuzalishia makala mia moja kuhusu Kilimanjaro, zote zenye Kiingereza kilichonyooka na zote zikisema maji ni safi na salama. Google haikatai maandishi kwa sababu tu yametungwa na mashine. Inachokataa, na Machi 2024 ilikaza masharti yake, ni kumwaga kurasa kwa wingi zisizomfaa msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu. Mimi sioni ubaya wa mashine kukunyooshea Kiingereza au kukutafsiria ukurasa kwa Kijerumani, mradi Mjerumani mmoja aupitie kabla haujatoka. Ubaya ni kuiachia mashine ikueleze mlima ulio nyuma ya nyumba yako.

Kwa anayeuza hapahapa nchini, mambo ni mepesi zaidi kuliko anavyofikiri, kama atakubali kuandika Kiswahili. Kurasa za Kiingereza kuhusu magodoro hazihesabiki. Ukurasa wa Kiswahili unaosema godoro la 5 kwa 6 ni shilingi ngapi, na kama mnalifikisha Mbagala, na kama mnapokea Lipa Namba, ni wa kutafuta kwa tochi.

Kuandika ni nusu. Nusu nyingine ni kufuta kilichopitwa na wakati, na hii ndiyo inayotushinda. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania. Zamani wapandaji walishauriwa kuja na mifuko mikubwa ya plastiki ya kufungia nguo ndani ya begi zisilowe. Sasa ukurasa wako wa orodha ya vifaa unasemaje? Kama bado unamwambia aje na mifuko, mgeni anafika uwanja wa ndege na kitu ambacho kwenye ndege alitangaziwa asishuke nacho. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kununua bima ya safari kwa Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima ya kwao. Wageni wangapi wanashuka mlimani na kwenda kupumzika Nungwi? Wengi. Kampuni iliyoliandika hilo wiki ileile, kwa sentensi kumi na kwa tarehe, ilijibu swali ambalo watu wengi walianza kuliuliza siku hiyo. Anayeandika ratiba mpya kila Januari na kuziacha zile za 2016 zikielea pembeni, anamchanganya mgeni na anauchanganya mtambo pia.

Kasi ya kufunguka sitaikalia sana, kwa kuwa hapo fundi ana kazi yake na aifanye. Google wanapendekeza kile kitu kikubwa kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Picha ya tembo iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja ina megabaiti tano au zaidi. Ikipunguzwa vizuri inashuka hadi kilobaiti mia mbili, na hakuna atakayeona tofauti kwenye kioo cha simu. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na mtandao ukawa unajikokota Tanzania nzima, uzito wa kurasa ulijulikana. Jambo moja tu nalisisitiza kwa mwenye biashara. Google ilianza mwaka 2016 kuhamia kwenye kusoma tovuti kwa sura yake ya simu, na ilimaliza kuhama Julai 2024. Sura ya kompyuta haiangaliwi tena kama kipimo. Na bado bosi anaidhinisha tovuti kwenye kompyuta pana ya dizaina, ofisini kwa dizaina, kwa mtandao wa dizaina. Idai kwenye simu yako, tena ukiwa kwenye daladala.

Nimetaja mwanzoni kwamba kutajwa na wengine kuna uzito. Palipo na uzito pana soko la magendo. Kila mwenye tovuti anapata barua pepe za watu wanaoahidi kumfikisha nafasi ya kwanza ndani ya mwezi mmoja. Google wameandika waziwazi kwamba hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba mara nyingi inachukua kati ya miezi minne na mwaka tangu kazi ya marekebisho ianze mpaka matunda yaonekane. Wanaoahidi mwezi mmoja wanakununulia viungo: jina lako linabandikwa kwenye mamia ya kurasa za kamari, dawa za nguvu na magari mabovu, ili mtambo udhani unasifiwa.

Mchezo huo umewaumbua wakubwa. Msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka 2010, Mmarekani aliyetafuta magauni, matandiko au mazulia alikuwa akiletewa maduka ya J.C. Penney juu kabisa. Februari 2011 gazeti la New York Times likaeleza kilichokuwa nyuma ya pazia: viungo vilivyotawanywa kwenye kurasa nyingi zisizohusiana kabisa na nguo wala nyumba. Google ikaishusha kwa mkono, na ndani ya siku chache jina lililokuwa la kwanza likawa linatafutwa kurasa za mbali huko. Kampuni ilisema haikuagiza jambo hilo, ikaachana na washauri wake. Miaka mitano kabla ya hapo, tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kabisa kwenye Google kwa muda, kwa kosa la kuwaonyesha roboti kurasa za kuwavutia tofauti na wanazoziona watu. J.C. Penney na BMW walikuwa na mawakili na fedha za kujirekebisha. Kampuni ya Moshi yenye magari mawili ikifungiwa Februari, msimu wa Juni umekwenda.

Kutajwa kwa halali kunatoka wapi, basi? Kunatokana na mwenendo. Tangu 2003 upo mradi unaotetea wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi cha KPAP. Unafuatilia malipo ya wapagazi, chakula chao, mahema yao na uzito wanaobebeshwa, na unaorodhesha kampuni zinazotimiza masharti. Wageni wengi wa Ulaya na Marekani huipitia orodha hiyo kabla ya kuchagua. Kuingia humo hakununuliwi kwa barua pepe. Kunapatikana kwa kulipa watu vizuri. Kiungo kimoja cha namna hiyo mimi ningekichukua kuliko viungo elfu vya kamari. Vivyo hivyo kutajwa na hoteli unayolaza wageni, na chama unachokilipia ada, na mgeni mwenye gazeti lake kwao. Waombe. Wengi hawakutaji kwa kuwa hawajaombwa tu.

Upande wa ramani nao una mkasa wake. Google huruhusu biashara kujiandikisha bure ili ionekane kwenye ramani, na saa za kazi, picha na maoni ya wateja. Kwa miaka kadhaa ilikuwa inatoa pia vitovuti vya bure hapohapo, vyenye anwani inayoishia na business.site, na wafanyabiashara wadogo wengi waliona hiyo inatosha. Machi 2024 Google ikavizima vyote. Aliyekuwa ameichapa anwani hiyo kwenye kadi na kwenye gari, akabaki na rangi ya kukwangua. Kujiandikisha kwenye ramani bado naunga mkono kwa mikono miwili, hasa kwa sisi ambao anwani zetu ni karibu na stendi ya zamani, mkabala na msikiti. Simama mlangoni pako uiweke pini mwenyewe. Ila nyumba yako iwe kwenye kiwanja chako.

Kuhusu maoni ya wateja, neno moja. Akija mgeni mwenye hasira, akakupa nyota moja kwa sababu gari liliharibika Mto wa Mbu, mjibu kwa jina, useme gari la pili lilifika saa ngapi. Wanaosoma majibu yako ni wengi kuliko aliyelalamika. Nyota za kununua ziache. Msomaji anaziona kwa jinsi zinavyofanana.

Sasa kuna jambo linalowatia wengi kiwewe. Tangu Mei 2024, kuanzia Marekani na baadaye nchi zaidi ya mia moja, Google imekuwa ikiweka juu ya orodha jibu lililotungwa na akili unde, likiwa limekusanywa kutoka tovuti mbalimbali. Mtu anauliza Kilimanjaro ina urefu gani, anasoma mita 5,895, anafunga simu. Hakubonyeza popote. Ni kweli kwamba maswali ya namna hiyo yamekwenda na hayarudi, na aliyekuwa akiishi kwa kuandika historia ya mlima ili apate watazamaji amepata pigo. Lakini yule wa urefu wa mlima hakuwa mteja. Anayetaka kujua kama mna nafasi tarehe 12 Septemba kwa watu wanne, mmoja wao akiwa na kisukari, na insulini itahifadhiwaje isigande kambini, huyo hataridhika na muhtasari. Atataka mtu. Akute jina, namba na jibu.

Utajuaje kama haya yote yanazaa? Google ina huduma ya bure iitwayo Search Console. Fundi akuunganishe, kisha kila mwisho wa mwezi kaa nayo wewe na dada wa mapokezi. Inaonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea, ulitokea mara ngapi, na ulibonyezwa mara ngapi. Ukiona ukurasa wa Rongai unatokea sana na haubonyezwi, kitazame kichwa chake. Ukiona watu wanaletwa kwa neno ambalo hujaliandikia kitu, tuseme Kilimanjaro na watoto, hapo umepewa kazi ya mwezi ujao, na wala hukumlipa mshauri.

Na kabla hujaanza lolote kati ya haya, uliza ofisini kwako jambo moja: jina la tovuti, ile domeni yenyewe, limesajiliwa kwa jina la nani na kwa barua pepe ya nani? Domeni hulipiwa ada kwa kipindi, mara nyingi kila mwaka, na taarifa ya kukaribia kuisha hutumwa kwa aliyesajili. Kama aliyesajili ni kijana aliyewajengea tovuti akiwa chuoni, na sasa yuko kazini Mwanza kwa namba nyingine ya simu, taarifa itamfikia yeye, au haitamfikia mtu. Domeni yenye viungo vya miaka kumi ikiachwa, wapo wanaovizia. Wakiichukua, wageni wako wa zamani wataandika jina lako na kukuta kamari. Mtafute kijana huyo wiki hii, mlipe kifuta jasho, akuhamishie usajili na nywila zote, na barua pepe iwe ya kampuni.